Siku moja maishani mwangu: "Mama yake chura alimtafuta?"

Saa 11:00 alfajiri

Nimeamka kabla simu haijalia. Siku ya kwenda shuleni huwa silali vizuri, kwa hamu ya kusikia hadithi ikisomwa mbele ya wenyewe. Mkobani nimetia vitabu vyangu vitatu vilivyokwisha kuchapwa, karatasi nyeupe, penseli, na bahasha yenye rasimu zote tisa za kitabu changu cha mwisho. Chini kabisa, nikakiviringisha ndani ya kitambaa, nimeweka kijitabu nilichokunja na kushona kwa mkono. Ndani yake mna hadithi ambayo mhariri wangu bado hajaiona: chura mdogo anaamka asubuhi moja akiwa hana sauti, anaondoka bwawani kwenda kuitafuta.

Kijitabu hicho ndicho kinachonipeleka shuleni. Vitabu vilivyochapwa vimeshachapwa. Chura huyu bado anarekebishika.

Saa 1:30 asubuhi

Mwalimu wa maktaba amenipokea getini. Mialiko hujaa kuelekea tarehe 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, inayoadhimishwa tangu 1967 siku ambayo Hans Christian Andersen alizaliwa. Naiheshimu siku hiyo, ila huwa na hotuba nyingi, na watoto hubaki na dakika tano za maswali. Leo hakuna hotuba.

Saa 2:15

Darasa la pili, watoto 41, wamekaa chini. Nimeomba kiti kifupi ili macho yetu yakutane. Kijitabu cha chura nakishika ubavuni, kurasa zikiwatazama wao, na nafunua kwa kona ya chini ili mkono usizibe ukurasa. Maneno nimeyahifadhi, kwa hiyo mimi nawasoma wao.

Katika kitabu cha picha, ukurasa wa kulia huuliza, na jibu hujificha nyuma yake. Ukurasa wa 13 unaishia hivi: "Nyuma ya jiwe, kuna mtu anapumua." Nikanyamaza, kidole kikiwa kwenye kona. Mtoto wa mstari wa mbele aliyekuwa akitafuna kola ya sweta yake aliiachia. Nikafunua. Kobe! Darasa zima likapumua kwa pamoja.

Halafu tukafika ukurasa wa 20 na 21. Chura amekaa juu ya jani, anawaza. Pale nimeandika sentensi nne ambazo nyumbani nilizisoma kwa sauti mara nyingi, nikiridhika nazo. Kwenye sentensi ya pili, mmoja alianza kufungua kamba za viatu. Kwenye ya tatu, wawili wakanong'onezana, na mwingine akaomba ruhusa ya kutoka. Mtu mzima angevumilia kwa adabu. Mtoto wa miaka saba hukwambia ukweli kwa mwili wake, na ukweli huo siupati kwa mtu mwingine yeyote. Nikatia alama ya penseli pembeni, nikaendelea.

Saa 3:30

Maswali. Una miaka mingapi? Kitabu kinaandikwa kwa siku ngapi? Nikawajibu kwamba kile cha mwisho kilinichukua miezi 14, na maneno yake hayafiki 600. Hawakuamini, basi nikafungua bahasha. Rasimu ya nne ina ukurasa ambao mhariri aliupiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini.

"Uliadhibiwa?" akauliza msichana mmoja, kwa huruma kabisa.

Nikamwambia hapana, nilimshukuru. Akaugusa ule mstari kwa kidole. Napenda waziguse rasimu, kwa sababu wengi wanaamini mwandishi hakosei, na anayeamini hivyo akikosea mara moja huona uandishi si wake.

Wakataka pia kujua kwa nini sichori mwenyewe. Mchoraji alichaguliwa na mchapishaji, na tulionana naye mara ya kwanza kitabu kikiwa tayari kimetoka. Hilo liliwashangaza kuliko miezi 14.

Saa 4:45

Darasa la nne, baada ya mapumziko. Hapa kazi ni ya mikono. Kila mmoja anachukua karatasi nane, anazipanga pamoja, anazikunja katikati. Hesabu kurasa: 32. Vitabu vingi vya picha vina idadi hiyo hiyo, kwa sababu kiwandani karatasi kubwa huchapwa pande mbili, ikakunjwa na kukatwa kuwa fungu la kurasa 16, na mafungu mawili hutosha kitabu. Toa za mwanzo za jina la kitabu na za haki za mwandishi, zinazobaki ndizo za hadithi. Huwezi kuomba ukurasa wa 33.

Mvulana mmoja alihesabu zake kwa kidole hadi ya mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwisho unafika tu, upende usipende."

Nikaiandika sentensi hiyo daftarini.

Saa 6:15 mchana

Kusaini. Miaka iliyopita nilitembelea shule moja ambako waliopanga foleni ni wale tu ambao wazazi wao walikuwa wamenunua kitabu. Wengine walitazama kupitia dirishani. Nilisaini nikiwaona, na sikusema kitu. Hadi leo najilaumu kwa kunyamaza. Tangu hapo natoa sharti kabla ya kukubali mwaliko: kila mtoto anakuja mezani. Asiye na kitabu namwandikia jina lake kwenye kadi ya kuwekea alama kurasani, ninazozikata mwenyewe. Na kila mmoja namwomba anitajie herufi moja moja, hata kama jina ni la kawaida.

Karibu na mwisho wa foleni alikuja mvulana wa darasa la pili. Hakuwa na kitabu, na hakutaja jina. Aliweka mikono yote miwili mezani.

"Mama yake chura alimtafuta?"

Nikafungua kijitabu. Chura anaondoka ukurasa wa 6, anarudi ukurasa wa 30. Mama yake yuko ukurasa wa 5, amelala, kisha yuko wa 31, anamkumbatia. Katikati hayupo kabisa.

"Sijaandika," nikamwambia.

"Lakini alimtafuta." Halikuwa swali tena.

Nikampa penseli, nikamwomba anikumbushe kwa maandishi. Akaandika MAMA ndani ya jalada, kwa herufi kubwa. M ya kwanza ilizidi mguu mmoja. Akaihesabu, akaufuta ule wa ziada kwa kidole gumba, pakabaki doa la kijivu. Ndipo akanitajia jina lake, herufi kwa herufi.

Saa 9:00 alasiri

Njiani, kisha nyumbani. Sauti imekauka. Nikalala kidogo.

Saa 2:00 usiku

Kijitabu kiko mezani. Kurasa 32 zimejaa, na mama anahitaji nafasi, basi lazima kitu kitoke. Sikuhitaji kutafuta sana: alama ya penseli iko ukurasa wa 20. Nimezikata sentensi zangu nne. Ya tatu iliniuma.

Sasa ukurasa wa 20 mama amesimama ukingoni mwa bwawa, gizani, anaita. Nikaanza kuandika jibu la chura, mkono ukasimama. Chura anamsikia. Hana sauti ya kuitikia.

Miezi yote hii nilikuwa nikiandika habari za chura asiyeweza kuimba.

Ukurasa wa 21 ni wa kulia. Nimeandika sentensi moja tu: "Mama akaita tena." Ukurasa wa 22 bado ni mweupe, na taa sijazima.