Nilivyomfundisha Mwanangu Asishuke Garini

Huku Michigan, Marekani, kijana wa chini ya miaka 18 hapewi leseni ya kuendesha peke yake mpaka awe ametimiza saa 50 barabarani na mtu mzima pembeni, 10 kati ya hizo usiku. Kila safari unaiandika daftarini. Wenzangu kazini wanaziona saa hizo kama adhabu. Mimi nilizihesabu kama bahili, maana nilijua zikiisha, polisi wa kwanza kumsimamisha kijana wangu atamkuta bila mimi.

Tunaishi Grand Rapids. Tarehe 4 Aprili 2022, hapa hapa mjini, polisi alimsimamisha Patrick Lyoya, Mkongomani mwenzetu wa miaka 26, kisa namba za gari hazikuwa za gari lile. Patrick alishuka. Akaambiwa arudi ndani. Yakafuata maswali, akakimbia, wakashikana, wakagombania ile bunduki ya umeme, na mwisho ikawa risasi moja ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Video ilipotolewa, mke wangu aliinuka akaenda jikoni. Mimi niliirudia mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila mara jicho langu lilibaki pale mwanzo, mlango unapofunguka.

Mimi pia ningeshuka.

Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Kule polisi akikusimamisha unaruka chini ya baiskeli hapo hapo, unavua kofia, “Shikamoo afande,” ndipo unatafuta kibali mfukoni. Ukibaki juu ya tandiko wakati mkubwa amesimama, umemdharau, na utajuta. Watoto wangu nimewalea kwa adabu hiyo hiyo: mtu mzima akija, inuka. Sasa ilibidi nimwambie mwanangu wa miaka 16 kwamba kwa mtu mmoja tu, asiinuke.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, kwenye kiwanda cha nyama ninakofanya kazi zamu ya usiku. Wakati wa chakula alishika trei kama usukani. Zima gari. Washa taa ya ndani. Shusha vioo. Mikono juu ya usukani, vidole vionekane. Ukitaka kuchukua kitu, sema kwanza, subiri ujibiwe, kisha sogea taratibu. Akaniambia baba yake alimfundisha hivyo akiwa na miaka 15. Aliongea kwa utulivu kabisa, kama anaelekeza njia, na huo utulivu ndio ulioniumiza.

Basi Jumapili jioni tukawa tunakwenda kwenye maegesho ya kanisa. Mimi nikawa polisi, na tochi ya simu. Siku ya kwanza kijana alicheka: “Papa, Kiingereza chako hakimtishi mtu.” Nikagonga kioo kwa nguvu, akaacha kucheka. Tabu yake ilikuwa ile sweta yenye kofia: akiulizwa kitu tu, mkono unaingia mfuko wa tumboni kutafuta simu. Tulirudia hilo majuma matatu. Mwishowe leseni yake ya kujifunzia na karatasi ya bima tukazitia kwenye plastiki, tukazibana juu, kwenye kile kikinga jua, ili pasiwe na sababu ya kupekua mahali popote.

Mama yake hakupenda. “Unamfundisha mtoto woga,” aliniambia. Nikamjibu woga anao tayari, mimi namfundisha mahali pa kuweka mikono. Hakuridhika, na mpaka leo hatujamaliza hayo mazungumzo.

Mei 2025 kesi ya yule polisi ikasikilizwa. Wananchi waliokaa kuamua hawakuafikiana, na tarehe 8 jaji akaivunja. Wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza hatairudia. Kijana aliisoma kwenye simu kabla hatujaondoka nyumbani. Tulipofika taa nyekundu akaniuliza, “Sasa papa, haya yote tunayofanya yanasaidia nini?” Taa ikawa ya kijani. Nikamwambia ageuze kulia.

Saa ya 38, usiku, manyunyu ya mvua, tukasimamishwa kweli. Taa za buluu na nyekundu zikajaa ndani ya gari kama maji. Kijana akaegesha pembeni, akazima, akawasha taa ya ndani, akashusha vioo vyote, mikono juu. Sikumwambia hata neno. Nilisikia viatu vya askari kwenye lami, na mwili wangu ukafanya ulichozoea tangu utoto: nikafungua mkanda, mkono wa kulia ukaenda kwenye kitasa cha mlango.

“Papa,” akasema kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa. “Mikono.”

Nikaiweka juu ya dashibodi. Ilikuwa inatetemeka. Ya kwake haikutetemeka.

Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imeungua. Askari, kijana mdogo tu, alituonya, akatutakia usiku mwema, akaenda zake. Tulikaa pale vioo vikiwa wazi, mvua inatunyeshea magotini. Baadaye kijana akatoa daftari, akaandika: dakika 40, usiku, mvua. Akanipa kalamu nitie sahihi.