Milimita mbili: nilivyofika mahali pa kuviamini vipimo vyangu vya moyo

Mwaka wa kwanza wa utafiti wangu, daftari langu lilijaa namba zilizoninyima usingizi. Nilikuwa nawapima wajawazito walio katika miezi mitatu ya mwisho, nikitaka kujua moyo wa kila mmoja unasukuma damu kiasi gani kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5. Mjamzito hupita hapo. Kufikia katikati ya ujauzito kiasi hicho huwa kimepanda kwa asilimia 30 hadi 50, kwa kuwa damu yenyewe imeongezeka, mapigo yameongezeka, na mishipa imelegea ili kondo la nyuma na figo zipate haki yao. Mimi nilikuwa napata lita 4 na nusu, 4 na robo, siku moja 3.9. Na wenyewe hao, wametoka Mbagala na Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa daladala, wamepanda ngazi na matumbo yao, sasa wako kwenye benchi wanapiga soga. Kwa namba zangu walistahili kulazwa.

Nayaandika haya kwa vijana wanaoingia kwenye utafiti wa fiziolojia ya moyo, maana mimi nilipoteza karibu miezi mitano kabla ya kujua kilichokuwa kinanipotosha.

Kwanza mjue kipimo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu makosa yote yalijificha humo. Moyo haupimwi kwa kikombe. Mashine ya eko inatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, inasubiri mwangwi, inachora picha. (Mwaka 1953, kule Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz walijaribu jambo hili kwa mara ya kwanza kwenye moyo wa mtu kwa kifaa walichokiazima kiwanda cha meli, kilichotumika kutafuta nyufa kwenye chuma. Kila nikipaka jeli nawakumbuka.) Picha hiyo haikupi lita. Inakupa upana wa njia ambayo damu hupita ikitoka ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) kwenda kwenye aota, mshipa mkuu wa damu, na kwa mawimbi ya Doppler, yanayopima mwendo wa damu, inakupa umbali ambao damu husafiri kwenye njia hiyo kwa pigo moja. Kutoka kwenye upana unapata eneo la duara. Zidisha eneo kwa umbali, hizo ni mililita za pigo moja. Zidisha tena kwa mapigo ya dakika nzima, hizo ndizo lita zako.

Nilizijua hesabu hizo usiku na mchana. Nilichokuwa sijui ni mahali zinapovuja.

Aliyenifungua macho alikuwa mzee mmoja mtaalamu wa eko aliyebakiza miaka michache astaafu. Nilimpelekea picha zangu mchana mmoja, nikamwamkia, nikamweleza shida. Hakuziangalia picha. Aliniuliza, "Mwanangu, hawa akina mama wamelala vipi?"

Nikamwambia kweli. Kitanda chetu kilikuwa chembamba, wengi waliogopa kuanguka wakigeukia ubavu, nami kwa kuwahurumia nikawaacha walale chali, au nusu chali.

"Chali, na tumbo la miezi minane?" Akatikisa kichwa taratibu. "Unawakanyagia bomba, halafu unalalamika maji hayatoki."

Nilikuwa nimesoma jambo hilo kitabuni na kulifanyia mtihani, na bado nililisahau mbele ya mtu aliye hai. Mjamzito akilala chali, mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni na kiunoni. Damu inayorudi kwenye moyo inapungua, na moyo hauwezi kusukuma kisichoufikia. Mwanafiziolojia Otto Frank aliliona hili kwenye moyo wa chura mwaka 1895. Ernest Starling na wenzake, London, wakalithibitisha kwa mbwa karibu na 1914: kadiri msuli wa moyo unavyojazwa na kuvutika, ndivyo unavyopiga kwa nguvu zaidi, na usipojazwa, pigo linapungua. Kwa mjamzito aliyelala chali, upungufu huo unaweza kufika robo ya damu yote ya dakika. Wanawake wangu hawakuwa na ugonjwa. Ugonjwa niliutengeneza mimi kwa kitanda.

Jumamosi ile nilikwenda kwa fundi magodoro. Nilimchorea kwenye boksi pembetatu ninayoitaka, akanikatia sponji ngumu, ndefu kama mkono wangu kuanzia begani hadi vidoleni. Tukaivisha plastiki nzito inayofutika kwa dawa. Jumatatu nikaiegemeza nyuma ya mgongo wa mama wa kwanza, akageukia ubavu wa kushoto na mgongo wake ukapata pa kupumzikia. Nesi alikaa upande wa pili asiogope kuanguka, khanga ikafunika tumbo, nami nikasubiri dakika kumi kamili bila kugusa kitu. Dakika hizo kumi zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwao, maana foleni ilikuwa nje. Lakini mapigo yalitulia kutoka 98 hadi 84 nikiyatazama kwenye kioo cha mashine, na lita zikapanda.

Zilipanda, ila hazikufika.

Hapo ndipo milimita mbili zinapoingia. Mzee alikaa nami tukapitia picha moja moja. Akaona napima ule upana kwenye picha ndogo, bila kuikuza, na mara nyingine mkono wangu umeinama kiasi kwamba mawimbi hayakati njia katikati yake, yanakata pembeni. Ukikata chungwa pembeni, duara linakuwa dogo. Alipoikuza picha na kuweka alama ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, wakati vali, yaani mlango wa njia hiyo, imefunguka, alipata sentimita 2.0 pale nilipopata 1.8.

Unaweza kusema milimita mbili ni nini? Fanya hesabu. Mama yule damu yake ilisafiri sentimita 22 kwa pigo, na mapigo yalikuwa 85. Kwa 1.8 unapata mililita 56 kwa pigo, yaani lita 4.8 kwa dakika. Kwa 2.0 unapata mililita 69, yaani lita 5.9. Zaidi ya lita nzima imepotea kwenye unene wa ukucha, kwa sababu upana huzidishwa kwa wenyewe kabla ya kingine chochote, na kosa lake nalo huzidishwa hivyo hivyo. Tangu siku ile upana naupima mara tatu, kwenye mapigo matatu tofauti, mama akiwa ametoa pumzi na kuizuia kidogo. Mtafiti akiniletea lita bila kunionyesha picha aliyopimia upana, namrudisha akailete.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilishajipima na mwenzangu nikapasi. Tuliwapima wanawake wale wale, kila mtu peke yake, tukalinganisha, uwiano wa namba zetu, yaani jinsi zinavyopanda na kushuka pamoja, ukawa juu sana. Nikaandika kwenye ripoti kwamba tunakubaliana. Mtaalamu wetu wa takwimu, dada mpole asiyepandisha sauti, aliisoma sentensi ile akaniita.

"Chukua mizani mbili sokoni Kariakoo," akaniambia. "Moja ni sahihi, nyingine inapunja robo kilo kila mara. Pima mizigo hamsini kwenye zote mbili. Uwiano utakuwaje?"

Nikamjibu utakuwa mzuri kabisa. Mzito utakuwa mzito kote, mwepesi utakuwa mwepesi kote.

"Na mteja?"

Mteja amepunjwa. Nilinyamaza.

Akanifundisha njia ambayo wanatakwimu Martin Bland na Douglas Altman waliieleza mwaka 1986 kwenye jarida la Lancet. Hutafuti uwiano. Unachukua tofauti kati ya wapimaji wawili kwa kila mtu, unaichora mbele ya wastani wao. Kama mnakubaliana kweli, nukta zinazunguka sifuri. Za kwetu zilikaa zote chini ya mstari, kama ndege kwenye waya. Mwenzangu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mizani inayopunja. Nashauri kila anayepima mwili wa binadamu, iwe presha, iwe uzito wa mtoto, achore picha hiyo kabla hajaandika neno "tunakubaliana".

Namba za wanawake 31 wa mwanzo hazikufaa. Niliziweka kwenye faili lao, nikaeleza kwa maandishi kwa nini hazitatumika, nikapeleka maelezo hayo kwa msimamizi wangu na kamati ya maadili. Kisha nikawapigia simu wale ambao hawajajifungua. Hapa naomba muwe wakweli. Mume mmoja aliniuliza kwa wasiwasi, "Dokta, mmeona kitu kwenye moyo wa mke wangu?" Nikamwambia, hapana kaka, nilikosea mimi kupima, moyo wake hauna kosa, nauli ya kuja na kurudi tutawapa. Alikaa kimya kidogo, akasema watakuja Alhamisi. Walikuja. Lita 6.4.

Baada ya hapo kazi ilienda, na sina mengi ya kusema kuihusu. Ila kuna mama mmoja.

Alikuja kwenye kipimo cha wiki ya sita baada ya kujifungua. Kwenye dodoso kuna swali la jinsi anavyolala, akajibu analalia mito mitatu, wakati mwingine anakaa kwenye kiti hadi alfajiri. Miguu ilikuwa imevimba. Nyumbani walimwambia uzazi una mambo yake, apumzike, anyonyeshe. Ventrikali ya kushoto ya mtu mzima mwenye afya hujaa karibu mililita 120 na kutoa kama 70 kwa pigo, zaidi ya nusu. Yake ilikuwa imetanuka, kuta zinasogea kivivu, na nilipopima ilitoa asilimia 32 tu ya kilichomo.

Sikumwambia kitu kwanza. Nilimwita mwenzangu, nikafunika namba yangu kwa karatasi, nikampisha kitini. Alipima upya tangu mwanzo. Asilimia 34. Moyo unaodhoofika mwishoni mwa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kuzaa, ukashuka chini ya asilimia 45 bila sababu nyingine kuonekana, una jina na una dawa, na huua ukiitwa uchovu wa uzazi. Mchana huo huo alikuwa mbele ya madaktari wa moyo, mtoto amebebwa na bibi yake. Miezi mitano nyuma ningetoa namba gani? Na ningeiamini?

Mwezi wa tatu alirudi, mito imebaki mmoja. Tulimpima wote wawili tena, kila mtu peke yake: 43 na 44. Haijafika. Aliomba ageuziwe kioo auone, nikakigeuza, akautazama moyo wake ukifunga na kufungua huku mtoto akivuta waya wa mashine. Akauliza atarudi lini. Nikamwandikia tarehe nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, ili asiipoteze.