Shoo inanoga kwa watu na ngoma laivu

Nimeenda shoo nyingi jamani, Lugogo Cricket Oval na Kololo pale Kampala, Uganda, hadi tamasha la Nyege Nyege lililoanza Jinja mwaka 2015, na bado nasema kinachonogesha sio mataa wala moshi, ni watu na ngoma laivu.

Siku moja Ndere Centre pale Ntinda nilikaa karibu kabisa na mpiga engalabi, ile ngoma ndefu ya Waganda inayowambwa ngozi ya kenge, jamaa anaipiga kwa viganja, jasho linamdondoka mpaka kwenye ngozi, mara mama mmoja pembeni yangu akapiga kigelegele na wa meza ya pili akamjibu, basi kila mtu akainuka, hakuna aliyetuambia tucheze! Mlio ule unaupokea kifuani kabla hata ya masikio.

Ndo maana nachukia mapromota wanaojaza meza za VIP mbele halafu wenye mzuka wanasukumwa nyuma. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, ukisimama mita 100 nyuma unaona fimbo inagusa ngoma, mdundo unakuja baadaye kidogo, na makofi yenu hayaendani na ya mbele.

Kingine ni kuimba juu ya CD. Kuna msanii tulimsubiri mpaka saa nane usiku, akaja akafumba mdomo na sauti ikaendelea kutoka kwenye spika. Yaani watu walinyamaza. Dada niliyekuwa naye akaniambia twende zetu, tukatafuta boda.