Nilivyoingia Chuo Bila Kupita Sekondari

Dawati la usajili lilitaka kitambulisho, matokeo ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya) na cheti cha kuondoka shuleni. Hicho cha mwisho sikuwa nacho. "Shule yako ya mwisho ilikuwa gani?" karani akauliza. "Nilisomea nyumbani, madam." Akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kisha akaniambia nisimame kando.

Watu huniuliza kama masomo ya chuo yalinilemea. Hapana, kilichonitoa jasho ni karatasi. Nilikwenda kwa wakili mjini nikaandikiwa hati ya kiapo ya kueleza nilikosomea. Kisha nikarudi kwenye kituo nilikofanyia mtihani, nikaomba barua ya kuthibitisha kwamba nilisajiliwa pale kama mtahiniwa wa kibinafsi. Chuo kikazipokea. Ukiwa na mtoto anayesomea nyumbani, anza kukusanya karatasi hizo mapema, usingoje wiki ya kuripoti.

Tuliishi Buruburu, mtaa wa Nairobi, na mama alikuwa ameacha kazi ya ualimu. Shangazi alikuwa akimwambia, "Mama Achieng, chifu akijua utajieleza vipi?" Hofu yake haikuwa ya bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Mama alishikilia lake.

Historia na fasihi nilizisomea sebuleni na kwenye maktaba ya umma ya mtaani. Kemia ndiyo ilitukwamisha, maana jikoni hakuna bureti, ule mrija wenye vipimo na koki wa kudondoshea kemikali. Mama alielewana na shule moja ya jirani, tukawa tunalipia maabara siku za Jumamosi. Fundi wa maabara alinifundisha kushika koki kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha chupa, na kuanza kudondosha tone moja moja pindi rangi ya waridi ilipochelewa kufifia. Tone moja la ziada na kazi yote unaanza upya. Ada ya mtihani pia tulijilipia, ilhali wenzetu wa shuleni walikuwa wakilipiwa na serikali. Nilipopata C+, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia shahada, nyumba nzima ilipiga vigelegele, hata shangazi.

Chuoni, mhadhiri asipofika (na hawafiki mara nyingi tu), wenzangu walikaa wakingoja. Mimi nilikuwa nimezoea kufungua kitabu na kujifundisha, nikaenda zangu maktaba. Kuchangamana hakukunisumbua: ukikulia Buruburu utawajua watu upende usipende. Ugumu ulikuwa kazi za vikundi. Sikuwahi kumtegemea mtu mwingine kwa alama zangu, na kila kikundi kina wawili wanaojitokeza siku ya kuwasilisha tu. Nikawa najitolea kugawa kazi mwenyewe. Naandika kwenye WhatsApp jina la kila mtu, sehemu yake na siku ya kuileta, na ukurasa wa kwanza wa kazi unaonyesha nani alifanya nini. Hawakunipenda sana, lakini kazi zilifika.

Kazini hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu sekondari. Waliangalia shahada na wakanipa jaribio la uhasibu.

Wazazi hunitumia takwimu za Marekani zinazodai waliosomea nyumbani huwashinda wenzao chuoni. Mimi huzipokea kwa tahadhari. Nyingi hutokana na familia zilizojitolea kuhojiwa, na wazazi waliofanikiwa ndio hupenda kuhojiwa. Tena huko kusomea nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, kwa hiyo mtoto hafiki chuoni akiwa na kiapo cha wakili mkononi.

Njia yangu yenyewe imeanza kuzibwa. Mimi ni wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ambapo mtihani mmoja wa mwisho uliamua kila kitu. Katika mtaala wa CBC uliochukua nafasi yake, asilimia 60 ya matokeo ya gredi ya 6 hutokana na tathmini zinazofanywa shuleni kuanzia gredi ya 4, na mtihani wenyewe ni asilimia 40. Mama alipigia hesabu jambo hilo, akamwandikisha kitinda mimba wetu katika shule ndogo karibu na nyumbani alipofika gredi ya 4. Jioni bado anamfundisha mwenyewe, na analalamika kwamba kazi ya nyumbani inamlia muda wa kumfundisha.