Kupima Maendeleo kwa Maili

Kazi yangu hapa Mtwara ni kufasiri, na sehemu kubwa ya karatasi zinazopita mezani kwangu ni taarifa za miradi zilizoandikwa kwa Kiingereza: za maji, za korosho, za elimu. Ukizisoma kwa muda mrefu unagundua kwamba mwandishi wa Kiingereza akitaka kueleza kuwa jambo limeendelea, hulipeleka barabarani. Mradi umetoka mbali, bado una njia ndefu mbele yake, umewaacha nyuma wenzake, umebakiza inchi chache kufika. Sisi nasi husema tumepiga hatua na safari ingali ndefu, kwa hiyo kufasiri kwenyewe si tatizo. Kinachonikera ni kwamba katika usemi huo umbali umefanywa sifa, kiasi kwamba unavyozidi kuwa mkubwa ndivyo msifiwa anavyozidi kung'ara, ilhali huku Kusini umbali ndio tunaoulalamikia siku zote.

Chukua jiwe la maili, ambalo katika taarifa hizo limekuwa jina la kila mafanikio, hata semina ya siku mbili. Mawe yenyewe yalisimikwa na Warumi kando ya barabara zao, moja kila baada ya hatua 1,000, na hatua moja ilihesabiwa pale mguu uleule ulipokanyaga chini mara ya pili. Ndipo maili yao ikawa karibu mita 1,480, fupi kidogo kuliko ile ya Waingereza yenye mita 1,609. (Kwetu maili imeshaondoka kwenye vibao vya barabarani, lakini imebaki kwenye majina ya mahali, kama Maili Moja ya Kibaha.) Jiwe la Kirumi kwa kawaida lilichongwa namba ya maili pamoja na jina la mtawala aliyejenga au kukarabati barabara ile. Waandishi wa taarifa wamerithi jiwe, wakaifuta namba na kulibakiza jina la mkubwa.

Usemi wa kwenda maili ya ziada una historia nzito zaidi. Leo hutumiwa kumsifu mfanyakazi anayejituma kupita alivyoagizwa, na nimeufasiri mara nyingi katika barua za pongezi. Asili yake ni Injili ya Mathayo, sura ya 5, ambamo Yesu anawaambia wafuasi wake kwamba mtu akiwalazimisha mwendo wa maili moja, waende naye mbili. Wasikilizaji wake waliishi chini ya dola ya Kirumi, ambayo askari wake waliweza kumkamata raia njiani na kumtwisha mzigo. Maili ya kwanza, basi, ilikuwa ya shuruti, na hiyo ndiyo inayosahaulika maofisini. Katika mkoa wa Lindi usahaulifu huo haufai, kwa kuwa mnamo Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana Mahiwa, na katika vita vile vya Afrika Mashariki pande zote mbili zilitegemea wapagazi wa Kiafrika, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kila ninapofasiri pongezi ya aina hiyo huandika tu kwamba mhusika amefanya zaidi ya alivyotakiwa, wala sioni kilichopungua.

Ila mahali usemi huu unapogoma kabisa ni kwenye maji. Uwanda wa juu wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, umejulikana tangu zamani kwa shida ya maji: mvua hunywea ardhini, na wanawake wamekuwa wakishuka bondeni na ndoo kisha kuupanda tena mlima zikiwa zimejaa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwa ajili ya vijijini, kwamba kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250 na kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka makazini. Hapo maendeleo ni umbali kupungua, wala hakuna anayesifiwa kwa kuwa mbali. Katika mkutano mmoja wa kijiji, ambako nilikwenda kama mkalimani, ofisa alisoma kwamba mradi umetoka mbali sana. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema, "Ninyi mmetoka mbali, mwanangu, magari yenu tumeyaona. Maji je, yamekaribia?" Watu walicheka, naye ofisa, kwa heshima yake, aliiweka karatasi chini akaanza kueleza bomba limefika wapi na pampu inasubiri nini.

Hata barabarani kwenyewe umbali ni kipimo kibovu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na kilomita hizo hazikufupishwa na Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kilichoondoka ni kusubiri kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, na kulala njiani wakati wa masika kabla lami haijafika. Wazee hapa bado hueleza safari ile kwa siku walizokwama na vijiji walivyoombea chakula. Sijapata kumsikia hata mmoja akitaja kilomita. Kisha mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara upande wa Kilwa, na kwa siku kadhaa mabasi hayakupita, ingawa Dar es Salaam ilikuwa palepale. Taarifa moja niliyoletewa baadaye ilisema kanda hii imerudi nyuma hatua kadhaa. Niliifasiri kama ilivyokuwa, lakini pembeni nikamwandikia mhariri kwamba hatua hizo kadhaa ni madaraja na makalavati, kila moja lina mahali pake, na nikamwomba ayataje.