Mtoto wa jirani kauliza kama tumewasha jenereta

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, mtoto wa jirani alikuja kupiga hodi. Katumwa na mama yake: "Mama anauliza, umeme umekatika kwenu tu au na kwetu unakuja kukatika? Tunasikia jenereta." Umeme ulikuwepo. Nilikuwa nimefungulia muziki wa bleki metali, kazi ya Paysage d'Hiver, kwenye spika za shughulini nilizozileta nyumbani kuzitengeneza, na sauti ikavuka ukuta. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Yeye na hiyo jenereta wanaishi nyumba moja mwaka wa saba huu.

Sikumlaumu yule mtoto, maana hata mie muziki huu uliniingia kwa mlango wa jenereta. Waliokuwepo Unguja wanaikumbuka Disemba 2009, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika na mji ukakaa gizani mpaka Machi 2010. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nimetoka Wete kuja kusoma, nakaa kwa ami yangu Michenzani. Kila mwenye duka alikuwa na kijenereta chake mlangoni. Usiku, joto halikuachii kulala, unalala chali unazisikiliza. Ukizisikiliza muda mrefu, ndani ya ule mngurumo unaanza kusikia nyimbo. Nilidhani ni homa.

Miaka minne baadaye kijana mmoja tuliyekuwa tukisoma naye ufundi wa umeme akanipa flashi yenye albamu ya bendi ya Norwei, Darkthrone, ya mwaka 1994, Transilvanian Hunger. Nikavaa vispika vya masikioni. Dakika ya kwanza haijamaliza nikasema: hii naijua.

Kwa asiyeujua, bleki metali ni tawi la muziki wa magitaa mazito lililoshika umbo lake Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gitaa linakwenda mbio bila kupumzika, dramu zinashona kama cherehani, na mwimbaji anachana koo. Wengi kinachowakimbiza ni namna ulivyorekodiwa. Ile albamu ya Darkthrone, ala zote kapiga mtu mmoja, Fenriz, akazirekodi kwa mashine ndogo ya njia nne, na inasikika kama imefungiwa ndani ya debe. Mimi kazi yangu ni mitambo. Nimeshafunga spika kwenye harusi zisizo na idadi na Ngome Kongwe mara kadhaa, na ningetoa sauti kama ile bibi harusi angenirushia kiatu. Lakini kwa bibi yangu, Wete, kulikuwa na santuri. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sauti yake sisi tuliokuja nyuma tumeipata kupitia mchakacho wa sindano, kama mtu anayeimba huku anakaanga samaki. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa Siti ana sauti mbovu. Sikio linazoea, linaupita mchakacho, linamfuata mtu aliye upande wa pili.

Halafu kuna risha, kile kipande cha kupigia nyuzi. Ami yangu amepiga udi kwenye taarab asilia tangu sijazaliwa na ndiye aliyenifundisha huu mdogo nilionao. Udi hauna pumzi ndefu: ukiugusa uzi, sauti inakufa mara moja. Ukitaka ikae, unairudia kwa risha, juu chini juu chini, mpaka mapigo mia yawe uzi mmoja. Gitaa la bleki metali linapigwa hivyo hivyo. Nilipoligundua hilo nikaacha kuona haya.

Haya nyingine ninazo, na nitazisema ili nisiulizwe. Wapo wanaomwimba shetani, na hao siwataki ndani ya nyumba ninayosomea Qur-ani. Wapo waliochoma makanisa kule Norwei mwaka 1992, na mmoja wao akafungwa kwa kumuua mwenzake. Wapo pia wanaoamini kuwa mtu mwenye rangi yangu hana haki ya kuwasikiliza. Hata hiyo albamu ya Darkthrone, toleo la kwanza lilikuwa na maneno ya kujisifia Uariani nyuma ya jalada. Kwa hiyo kabla sijanunua nachunguza: nani huyu, anaimba nini, lebo yake imetoa nani mwingine. Ni kazi. Kama kuchambua mchele wa mapeni, nusu saa ya mawe kwa sahani moja ya wali. Albamu ninazozitaja hapa zimepita kwenye ungo wangu.

Naanza na hiyo iliyomleta mtoto wa jirani. Paysage d'Hiver ni mtu mmoja tu, Mswisi anayejiita Wintherr, na kazi zake karibu zote ni kisa kimoja cha msafiri anayetembea peke yake kwenye nchi ya baridi isiyokwisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini alizihesabu kazi zake kuwa ni majaribio. Albamu aliyoikubali kuwa ya kwanza ni Im Wald ya 2020, inayokaribia saa mbili. Die Berge ilitoka mwishoni mwa 2024 na inapita saa moja na nusu. Niliishusha ofisini usiku, bando la nyumbani lingelia, na nikaenda nayo Pemba kwenye meli ya usiku, msimu wa Kusi. Meli ilichelewa kuondoka saa mbili bila mtu kutuambia neno. Nikapanda juu, nikajiviringisha kikoi, nikaifungulia tulipoanza kuingia mkondo wa Nungwi.

Theluji mie siijui. Ninayoijua ni barafu ya kwenye friza la muuza pweza. Lakini yule bwana hachezi theluji, anacheza upepo. Gitaa limezama chini ya kelele mpaka hulisikii kama gitaa, nyuma yake kuna kinanda kinachovuta polepole, na kila kitu kinapanda na kushuka kwa pamoja kama kifua. Nje ya vispika Kusi linavuma, maji yanapiga ubavu wa meli, watu wametapika mpaka wamechoka. Nikavitoa vispika kuona tofauti. Ilikuwepo kidogo. Nikavirudisha. Mama, ambaye tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 halali nikiwa baharini usiku, alipiga simu mara tatu na kila mara nikamwambia nimelala. Tulipoiona taa ya kwanza ya Mkoani msafiri bado anapanda mlima wake. Sijui muziki mwingine unaoweza kushikana bega kwa bega na usiku wa namna ile. Ukiwa na haraka usiuguse, utaona huyu mtu kasahau kuzima mashine.

Ya pili ni fupi, na ndiyo pekee mke wangu aliyoniambia nisiizime. Këkht Aräkh ni kijana mmoja wa Mykolaiv, Ukraini, na Pale Swordsman aliitoa 2021. Nusu ni bleki metali ya debe, nusu nyingine ni piano na gitaa kavu, na kijana analia mahaba. Ndiyo, mahaba! Anamtaka mtu, usiku hauishi, mwezi upo juu. Mke wangu alisikiliza akiwa anakuna nazi, akasema, "Huyu kaachwa." Hajui hata neno moja la mle ndani. Nikamwambia hiyo ni taarab ya Kiukreni, kakosa fidla tu. Wapo wanaosema mambo ya piano yanaiharibu bleki metali. Hao hawajawahi kuachwa.

Sasa nije kwa Wajerumani, na hapa nitakaa kidogo.

Kanonenfieber ni kazi ya mtu wa Bamberg anayejiita Noise. Anaficha uso, na anaimba kitu kimoja tu: Vita vya Kwanza vya Dunia, kutoka kwenye barua na kumbukumbu za askari wenyewe. Menschenmühle ya 2021 aliitoa mwenyewe na ikasambaa kwa maneno ya midomo. Ya pili, Die Urkatastrophe, imetoka kwa Century Media, lebo kubwa, kwa hiyo wenye roho ngumu wanasema huyu si wa chini kwa chini tena. Sawa. Mimi kilichonikamata ni tarehe. Albamu ilitoka tarehe 20 Septemba 2024.

Muulize mtembeza wageni yeyote wa Forodhani tarehe 20 Septemba ni nini. Alfajiri ya siku hiyo mwaka 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka mafichoni kwenye delta ya Rufiji, ikaja mpaka mbele ya mji wetu na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga, mashine zake zinatengenezwa. Ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao wamezikwa pale kisiwa cha Chapwani, kwenye makaburi unayoyaona ukienda kwa boti. Miaka 110 kamili kabla ya albamu. Sidhani kama Noise alikuwa na habari. Lakini mie nilikwenda Chapwani na simu yangu, nikakaa chini ya mti, paa wadogo wanakatiza, nikaisikiliza yote.

Rafiki yangu anayetembeza Wajerumani alinisaidia maneno. Kuna wimbo unaitwa Der Maulwurf, yaani fuko, yule mnyama anayechimba. Unahusu askari waliochimba mashimo chini ya mistari ya adui ili wailipue. Rafiki yangu aliusoma mpaka katikati akauliza, "Na hii unaisikiliza ili ufurahi?" Kwa sauti ni safi kuliko ninavyopenda, dramu zimepigwa pasi. Ninachokiheshimu ni kuwa hakuna shujaa mle ndani, hata mmoja. Kila mtu ana matope na njaa.

Kinachoniuma ni kwamba vita katika albamu hii ni vya Ulaya. Wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa ajili ya vita hivyo hivyo huku kwetu, waliotuachia jina la Kariakoo na si mengi zaidi ya jina, simsikii hata mmoja. Simdai Mjerumani atuimbie. Nasema tu nilipokuwa pale makaburini niliwahesabu Waingereza waliowekewa mawe, nikawaza hao wengine mawe yao yako wapi.

Waholanzi nitawapita mbio kwa sababu nikianza sitamaliza. Fluisteraars, Bloem, 2020: jalada limejaa maua mekundu badala ya mafuvu, na ndani kuna jua, kitu adimu katika muziki huu. Turia wana albamu ya 2017 inayoitwa Dede Kondre, na jina hilo si Kiholanzi. Ni Kisranan, lugha iliyozaliwa na watumwa wa Suriname, maana yake nchi ya wafu. Kaseti yao ninayo, na deki niliipata Darajani kwa fundi aliyenishangaa kwamba nalipa pesa kwa deki.

Kuhusu Véhémence wa Ufaransa na Ordalies yao ya 2022, mnaniandikia sana. Najua mnaipenda. Mapanga, farasi, filimbi, kila wimbo una nyimbo tatu ndani yake. Kwangu ni biriani iliyotiwa zabibu kupita kiasi: namaliza sahani kwa heshima ya mpishi.

Kwa wanaouliza nanunuaje, ni Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wasanii wengi huko wanakuachia upange bei mwenyewe, na ukinunua unapata faili zenye sauti kamili, zako milele. Kadi yangu ilikataliwa mara mbili na benki haikunipa sababu, hivyo hununua kupitia binamu yangu aliyeko Muscat na kumrudishia kwa karafuu.

Iliyobaki ni Mystras. Ni Mgiriki mmoja, Ayloss, ambaye wengi wanamjua kwa kazi yake nyingine, Spectral Lore. Castles Conquered and Reclaimed ya 2020, iliyotolewa na lebo ya Kiitalia I, Voidhanger, ina mambo ya zama za kati kama hao Wafaransa, lakini yeye hasimami upande wa mfalme. Anawaimba waliozivunja ngome: Wat Tyler na wakulima wa Uingereza walioasi mwaka 1381, na watu wa Thessaloniki waliowafukuza wakubwa wao katika miaka ya 1340 na kuushika mji kwa miaka kadhaa. Sauti ni chafu makusudi. Ukiwa na spika mbaya hutopata kitu, na ukiwa nazo nzuri utapata kwa shida.

Nilikuwa naisikiliza barazani kwa ami Ijumaa moja, chini chini, akatoka ndani na kikombe cha kahawa. Nikataka kuizima. Akaniambia acha. Akainamisha kichwa upande wa sikio linalosikia, vidole vyake vya kulia vikaanza kwenda vyenyewe juu ya goti.

"Huyu risha yake nzito," akasema, "lakini hachoki." Kisha: "Anaimba nini?"

"Watu wa chini, ami. Wamewapindua matajiri wakachukua mji."

"Wapi huko?"

"Ugiriki. Zamani, miaka mia sita na zaidi."

Akanitazama, akanywa kahawa, hakusema kitu. Adhana ya magharibi ikaanza, nikazima, tukaenda msikitini. Tulipotoka, tunatafuta viatu, akaniuliza kama ule wimbo ulikuwa umekwisha.