Visu vitano vya Juni

Mwezi ujao nampelekea kisu Master Smith mmoja, yaani fundi mkuu wa kufua visu, wa jimboni hapa Marekani ili kipindwe mbele ya macho yake. Ndivyo ulivyo mtihani wa American Bladesmith Society, chama cha wafua visu cha Marekani, kwa anayetafuta cheo cha Journeyman Smith, kilicho chini ya Master Smith: kisu cha vitendo hakirudi nyumbani kama kilivyokwenda. Unakata kamba ya unene wa inchi moja inayoning'inia bila kushikwa chini, tena kwa pigo moja. Unatema mbao ya mbili kwa nne mpaka ikatike, halafu unairudia mara ya pili. Kisha makali yaleyale, bila kuguswa na jiwe la kunolea, yanyoe malaika ya mkono. Mwisho kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90. Kupasuka kunaruhusiwa, ila ufa usipite theluthi ya upana wa bapa.

Kamba ninayofanyia mazoezi ni ya katani. Mtu wa Muheza kuja kununua katani dukani Marekani, mmh! Zao lenyewe Mjerumani Richard Hindorf alilileta kwetu mwaka 1893 kutoka Florida, kwa hiyo labda nalirudisha tu jirani na lilikotoka.

Sehemu hiyo ya vitendo hainipi presha. Kupinda ni suala la moto. Nafua chuma cha 5160, kilekile cha springi za gari, kwa hiyo uvumilivu kinao tayari. Napasha bapa mpaka sumaku iache kulishika, naacha rangi ipande kidogo zaidi, halafu nachovya upande wa makali peke yake kwenye mafuta ya vuguvugu. Mgongo unabaki laini, na huo ndio utakaokubali kupinda. Napitisha tupa kwenye makali: ikiteleza bila kung'ata, yameshika. Baada ya hapo kisu kinaingia kwenye oveni, digrii 200 hivi za Selsiasi, saa mbili, kinapoa, kinarudi tena.

Kazi iko kwenye vile vitano vingine. Ukishafaulu vitendo, unapeleka visu vitano vilivyokamilika Atlanta, kwenye maonyesho ya visu ya Blade Show ya mwezi wa Juni, na jopo la Master Smith wanaviangalia. Hawakati kamba wala mbao. Wanageuza, wanainua kwenye taa, wanapitisha kidole. Na kwa cheo hiki chuma cha tabaka, kile cha Damascus chenye mawimbi, hakiruhusiwi. Naiona kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Mawimbi yanapendeza mno, yanamfanya mtazamaji asahau kuuliza kama umbo lenyewe limekaa sawa.

Kwa hiyo majira haya ya baridi nyundo imepumzika kidogo, penseli ndiyo inayofanya kazi. Nachora kisu kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, nakihamishia kwenye boksi gumu, nakata, nakitundika ukutani juu ya fuawe. Kinakaa hapo siku kadhaa. Halafu nakigeuza juu chini. Kikiwa kimegeuzwa, jicho haliangalii tena kisu, linaangalia mistari, na hapo utaona mgongo unashuka vizuri kutoka kwenye ncha halafu unavunjika ghafla ukifika kwenye mpini, kama vile vitu viwili vya mafundi wawili vimeunganishwa kwa gundi. Bowie yangu ya inchi tisa, yaani kile kisu kikubwa cha mtindo wa Kimarekani, ilikuwa na ugonjwa huo. Nimeushusha mpini chini kidogo, unene wa sarafu tu, na mstari sasa unatiririka toka ncha hadi kitako.

Mpini ndio ulionisumbua zaidi, na aliyeufumbua ni mke wangu. Alichukua kimoja akakatia mchicha, akanyamaza, kisha akasema, "Baba Nasra, hiki kinanizunguka mkononi." Kweli, mpini ulikuwa wa mviringo. Ukishika kitu cha mviringo, kiganja hakijui makali yameelekea wapi mpaka uangalie. Sasa napunguza ubavuni, nauacha uwe na umbo la yai, mwembamba katikati, unajaa tena kuelekea nyuma ili usichoropoke. Jaribio langu ni kufumba macho, kuokota kisu mezani na kusema makali yako upande gani. Kama nimelazimika kupapasa, msasa unarudi kazini.

Kuna sehemu nyingine ndogo, hata kidole gumba hakiijai: pale karibu na mpini ambapo mteremko wa kuelekea makali unaanzia. Kisu kina mbavu mbili, na mianzo hiyo miwili lazima ilingane. Mwalimu wangu akipokea kisu cha mtu, hatazami ncha wala mbao ya mpini. Anakisimamisha mgongo ukimwelekea usoni, anatazama hapo kwanza. Nabana vipande viwili vya chuma kigumu pande zote mbili, nafuata ukingo wake kwa tupa, taratibu, huku na huku. Halafu nasogeza bapa chini ya taa ndefu ya dari. Mwanga wake ukipita juu ya chuma ulionyooka, sawa. Ukikatika au ukicheza, pana bonde, na msasa unaanza upya kutoka namba ya chini. Msasa laini wa namba 600 haufuti kosa la ule mkali wa namba 120, unaling'arisha tu.

Visu vinne nimeshaviamua: Bowie, kisu cha uwindaji chenye ncha iliyoshuka, kidogo cha kuchunia ngozi, na kimoja cha kambini chenye bapa pana. Cha tano tunabishana. Mwalimu anataka niongeze kirefu chenye kinga ya mkono, kwa kuwa hapo majaji wanaona kazi ya maungio: bapa linavyoingia kwenye kinga bila uwazi wa kupitisha hata mwanga. Mimi nataka kisu cha jikoni, chembamba, kisicho na pambo. Amesema nimletee vyote viwili vya boksi Jumamosi, tuvitundike pamoja.